Mgongo wa Mwandika Alama

Kila Fundi Kufuli alipofungua kinywa kusema lile lililomleta, mlango wa chumba cha mazoezi ulifunguka na mtu akaingia. Kwanza aliingia mhudumu kukusanya glasi. Kisha akaja mchezaji wa timu ya kijani kutafuta koti lake. Alilitafuta taratibu, chini ya kila kiti, na koti lenyewe alikuwa amelitupia begani. Sindano alisimama kando ya ubao akiwa na vishale vyake mkononi, moyo ukimpanda na kumshuka kama ndoo ya kisimani inayorudi tupu kila ikivutwa.

"Sema basi," Sindano alinong'ona, yule mwenye koti alipokwisha kutoka.

"Mimi nimeshasema mpaka nimekaukiwa," Fundi Kufuli alijibu. "Wa kusema sasa ni wewe."

Walikuwa wamejuana mwaka uliotangulia, katika mashindano haya haya ya timu za taifa za kurusha vishale. Fundi Kufuli alitoka nchi jirani, ng'ambo ya mpaka, mtengenezaji wa kufuli na mchonga funguo, mwenye kibanda kidogo karibu na posta ya mji wao. Sindano alikuwa fundi cherehani wa sare za shule. Wenzake walimpachika jina hilo kwa sababu kishale chake kilikwenda pale pale alipotazama, kama sindano inavyofuata chaki ya kitambaa. Tangu siku ile walikuwa wakipendana kwa simu, na mapenzi ya simu, kama ajuavyo aliyewahi kuyaonja, hushibisha masikio na kuacha macho na njaa.

"Baba mdogo na shangazi wamekuja na basi letu," Fundi Kufuli alisema. "Hawajui hata mchezo wenyewe. Shangazi ananiuliza kwa nini tunautoboa ubao mzuri vile. Wamekuja kwa ajili yako. Wamevaa nguo zao za heshima tangu alfajiri, wanangoja niwaambie neno moja tu: nendeni mkamwone mama yake."

"Ngoja fainali iishe."

"Jana ulisema ningoje nusu fainali iishe. Kabla ya hapo ningoje mashindano yaanze. Najua subira huvuta heri, lakini yangu imevuta mpaka kamba imekatika."

Sindano alitaka kucheka, akajizuia. Alimtazama. Alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kuchungulia matundu madogo, macho yasiyokimbia. Akayainamisha ya kwake.

"Mama hajui," alisema.

"Hajui nini?"

"Hajui chochote."

Fundi Kufuli alichukua kitambaa kilichokuwa mezani, akakikunja, akakikunjua tena.

"Mwaka mzima?"

"Sikiliza. Dada yangu mkubwa aliolewa mbali. Tangu siku hiyo mtu akitaja mpaka mbele ya mama, mama anakumbuka kwamba ameacha kitu jikoni. Nilikuwa natafuta siku nzuri."

"Kwa hiyo mimi ni siri."

"Wewe si siri. Wewe ni..."

Mlango ukafunguka. Safari hii aliingia Nahodha wa timu, ambaye pia alikuwa kaka yake Sindano, tumbo moja. Aliwatazama wote wawili kama mtu aliyekuta maziwa yamemwagika.

"Fundi," alisema kwa adabu ya kuuma, "timu yako imeshatolewa. Chumba hiki ni cha wenye mechi."

"Dakika moja tu, Nahodha."

"Dakika ungeitafuta asubuhi, ulipokuwa unakosa ubao."

Fundi Kufuli alitoa mfukoni kishale kimoja cha Sindano, akakiweka mezani mbele yake. "Ncha yake ilikuwa butu. Nimekipitisha kwenye tupa yangu jana," alisema, akatoka. Alikuwa amekasirika, na bado aliufunga mlango polepole, usije ukamshtua mtu mwenye mechi.

"Mpaka kombe lijulikane ni la nani," Nahodha alisema, "humwoni na humsemeshi. Baada ya hapo nitakusikiliza hata usiku kucha."

"Baada ya hapo basi lao linaondoka, kaka."

"Basi silitii mafuta mimi."

Sindano alikitazama kile kishale. Kilikuwa kikali kama kipya. Alitamani kukitupa dirishani, alitamani kukikumbatia, na kwa kuwa yote mawili yangekuwa upumbavu mbele ya kaka yake, alikichanganya na vingine akaenda ukumbini.

Sasa, mashindano haya yalikuwa na desturi yake. Mojawapo ya timu zilizotolewa katika nusu fainali ndiyo inayotoa mwandika alama wa fainali, ili asiwe mtu wa upande wowote. Meneja wa timu ya Fundi Kufuli alipoulizwa atamtoa nani, hakufikiri mara mbili. Alimtoa aliyekuwa mwepesi wa kutoa hesabu na mwenye maandishi yanayosomeka kutoka mbali. Nahodha alipomwona Fundi Kufuli akipanda jukwaani na chaki mkononi, alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Kanuni inaruhusu?" alimuuliza mwamuzi.

"Kanuni inaangalia nchi. Huyu si wa nchi yako wala ya wenzako. Kuna lingine?"

Nahodha angesema nini? Angesema mbele ya ukumbi mzima kwamba dada yake ana mchumba? Akakaa.

Mwandika alama husimama kando ya ubao, uso wake ukiuelekea, mgongo kwa mrushaji. Hageuki. Hajikuni kishale kikiwa njiani. Hasemi neno, ila mrushaji akimuuliza amepata ngapi au imebaki ngapi, humtajia idadi na kufunga mdomo. Alenge wapi, hilo hamwambii ng'o. Basi ndivyo Sindano alivyompata mpenzi wake siku ile: hatua chache mbele yake, mchana kweupe, mgongo mpana ndani ya shati la bluu, na ruhusa ya kuongea naye tarakimu tu.

Mechi ilifungana mpaka ikabaki raundi moja ya kuamua, Sindano dhidi ya mwanamke mrefu wa timu ya kijani ambaye wenzake walimwita Mwalimu, kwa kuwa alikuwa mwalimu kweli. Kila mmoja alianza na mia tano na moja, akawa anashuka. Anayefika sifuri kamili wa kwanza ndiye mshindi, lakini kishale cha mwisho lazima kiingie katika ule ukanda mwembamba wa pembeni unaohesabiwa maradufu.

Sindano alirusha vishale vyake vitatu vya kwanza.

"Imebaki ngapi?" aliuliza. Idadi aliijua vizuri. Alitaka sauti.

"Mia nne na moja."

Hakuna tarakimu yenye hasira, lakini hii ilikuwa nayo. Mwalimu akarusha. Sindano akarudi mstarini, akarusha tena.

"Imebaki ngapi?"

"Mia tatu na sita."

Safari hii sauti ilikuwa imechoka, na hilo lilimuuma zaidi. Aliporusha mara ya tatu na kuuliza tena, Nahodha alishindwa kuvumilia pale benchini.

"Mtu anayekata sare za shule nzima bila kikokotoo," alimwambia jirani yake kwa sauti ya kutosha, "leo amesahau kutoa."

Watu wakacheka. Masikio ya Fundi Kufuli yakapata joto. Sindano aliyaona kwa nyuma yakibadilika rangi, akajichukia.

Katika safu ya mbele alikaa mama yao, mashati ya akiba ya timu yakiwa mapajani. Mama alisafiri na timu kila mwaka, akipiga pasi na kushona vifungo. Kurusha vishale kulimchosha, hivyo alitazama watu. Alimwona nzi akitua shingoni mwa yule mwandika alama wakati Sindano analenga. Kijana hakutikisika. Nzi akatembea mpaka nyuma ya sikio, akapumzika, akarudi. Kijana aliacha kupumua. Mama akawaza, je, anatulia hivi kwa binti yangu tu? Akangoja zamu ya Mwalimu wa timu ya kijani. Nzi yule yule, shingo ile ile, na kijana akasimama vile vile kama nguzo.

"Huyu amelelewa," mama aliyaambia mashati.

Raundi ikafika ukingoni. Mwalimu alibakiwa na kumi na sita. Sindano alikuwa na mia na kumi. Alirusha: ishirini, ishirini, ishirini. Ukumbi ukashangilia, na katika makelele yale Fundi Kufuli akaandika alama kwa haraka, akasogea kando kumpisha Mwalimu. Macho yote yalihamia kwa Mwalimu, kwa kuwa kumi na sita ni nane maradufu, na nane maradufu kwake ilikuwa kama kuwasha taa ya chumbani kwake. Kishale cha kwanza kikapita nje ya waya. Cha pili kikapita ndani, kikapata nane. Cha tatu alikilenga kwenye nne maradufu, kikagonga waya na kuanguka chini. Wenzake wa kijani wakajishika vichwa. Mwalimu alibakiwa na nane.

Sindano alisogea mstarini, akainua macho. Kwenye ubao wa chaki, upande wake, paliandikwa arobaini.

Alisoma tena. Mia na kumi, toa sitini.

"Imebaki ngapi?" aliuliza, na mara hii aliuliza kweli.

"Arobaini," mgongo ulijibu.

Arobaini ni ishirini maradufu, mahali ambapo Sindano angepiga akiwa amefumba jicho moja, na alikuwa na vishale vitatu vya kupatafutia. Hamsini ilikuwa habari nyingine: lazima kishale kimoja kiondoke kufuta ile kumi, ndipo abaki na viwili. Alitupa jicho benchini. Kaka yake alikuwa ameona. Uso ulikuwa umemkauka, na kidole kimoja, chini kabisa, juu ya goti, kilikuwa kinamwambia: nyamaza, rusha.

Hakuna mwingine aliyeona. Si mwamuzi, si wa kijani waliokuwa bado wanaomboleza ule waya. Sindano alijua nini kimetokea kana kwamba yumo ndani ya kichwa cha yule mtu: alikuwa akiwaza basi, na shangazi aliyevaa tangu alfajiri, na mkono ukaandika peke yake. Alijua pia jioni ingekuwaje. Angetokea mtu wa kuhesabu upya, kisha mtu wa kukumbuka nani alionekana na nani chumba cha mazoezi, na kibanda cha karibu na posta kingekuwa kibanda cha mwizi. Na hata asingetokea mtu, yeye mwenyewe angejua.

"Mwandika alama," alisema, "hesabu tena. Nilikuwa na mia na kumi. Nimepata sitini."

Mkono wenye chaki ukaganda. Kisha Fundi Kufuli akafanya lile lisiloruhusiwa. Akageuka.

Walitazamana. Ukumbi ulikuwa na mamia ya watu, na kwa muda ule haukuwa na mtu. Alichokiona Sindano machoni mwake si aibu tu. Ni kama mtu aliyekuwa akianguka, akashikwa mkono na yule yule aliyekuwa amegombana naye.

"Kosa ni langu," Fundi Kufuli alisema, na alisema kwa sauti ili wote wasikie. "Si la mchezaji. Nimekosea mimi." Akafuta kwa kiganja, akaandika hamsini, akarudisha uso kwenye ubao.

Kishale cha kwanza kikaingia kwenye kumi. Zikabaki arobaini. Cha pili kikalala nje ya waya, karibu kiasi kwamba watu wa nyuma walishangilia. Cha tatu kikaangukia ndani, ishirini ya kawaida. Hakikuwepo cha nne. Mwalimu akaja, akavuta pumzi, akaweka nne maradufu kama anayeweka kitabu kabatini, na kombe likaenda kwa wa kijani.

"Kombe la nchi nzima," Nahodha alimwambia Sindano walipokuwa wakishuka jukwaani. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. "Nimelingoja tangu sina ndevu. Umelitoa kwa ajili ya mwanamume."

"Nimelitoa kwa ajili ya kumi isiyokuwa yangu."

"Na kama angekuwa mwandika alama mwingine?"

"Ningesema vile vile, kaka. Ila nisingetetemeka."

Nahodha alimchukulia mkoba wake wa vishale, akaenda nao bila kumtazama.

Sindano aligeuka kumtafuta Fundi Kufuli. Meneja wake alikuwa amemshika bega, anamwelekeza mlango wa nyuma. Walionana juu ya vichwa vya watu. Sindano alinyoosha mkono, mpiga picha akapita katikati na ngazi yake, na ngazi ilipopita, Fundi Kufuli hakuwepo.

Mama alikuwa chumba cha kubadilishia nguo, anakunja mashati.

"Mama," Sindano alianza, "kuna jambo."

"Ni yule mwenye chaki," mama alisema. "Ndiye unayeongea naye bafuni kwenye simu."

Sindano alikosa pa kukaa, akakaa juu ya mashati.

"Ulijua?"

"Kuta zetu nyembamba, na mimi usingizi ulishanikimbia. Ondoka kwenye nguo nilizopiga pasi."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kufungulia bomba bila kuoga."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Nilikungoja wewe useme. Mwaka mzima nimekaa kama mgonjwa anayengoja daktari. Umenichosha." Mama alikunjua shati alilokwisha kulikunja, akalikunja upya. "Na simtaki. Nakwambia mapema. Si kwa ubaya wake. Alipokosea amekiri mbele za watu, na marehemu baba yako, Mungu amrehemu, hilo lilimshinda hata tukiwa wawili. Ila ni wa mbali. Dada yako akiumwa, mimi napewa habari kwamba amepona. Sitaki mtoto wa pili wa kupewa habari."

Yale maneno yalikuwa ya kweli. Sindano alimshika mama mkono, wakakaa hivyo kidogo, wote wawili wamekasirika na hakuna anayeuachia mkono wa mwenzake.

"Wazee wake wako nje," hatimaye alisema. "Kwenye basi. Walitaka kuja kukuona."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

Mama akasimama. "Umewaacha watu wazima ndani ya basi tangu asubuhi? Hivyo ndivyo nilivyokulea? Kimbia kawaite. Kuwakataa nitawakataa mwenyewe, wakiwa wamekaa kwenye viti, na maji mkononi."

Sindano alikimbia. Basi lilikuwa limeshawashwa injini, dereva anapiga honi kuwaita waliochelewa, kwa kuwa mpaka hufungwa jioni. Alipanda ngazi mbili za mlangoni, akasimama akihema mbele ya nyuso zote.

"Shangazi," alisema, ingawa hakujua ni yupi. "Baba mdogo. Mama anawaita."

Katika kiti cha mbele mwanamke mnene aliyevaa nguo za kupendeza, zilizokunjamana kwa kukaliwa, aliinuka kama aliyekuwa akingoja jina lake kliniki. Baba mdogo akamfuata na mkoba. Fundi Kufuli naye akaruka kutoka nyuma.

"Wewe kaa," meneja alisema. "Timu imeingia kwa kibali kimoja, itatoka kwa kibali kimoja. Wazee wana pasi zao za kusafiria. Wewe huna."

"Meneja, ni posa yangu hii."

"Posa ni ya wazee. Umewahi kuona wapi bwana harusi anajadiliwa naye yumo?"

Basi zima likacheka. Fundi Kufuli alisogea mpaka alipoweza, mizigo ya watu ikiwa kati yao, baba mdogo akijipenyeza kushuka.

"Mama amekubali?" aliuliza.

"Amekataa."

"Sasa anawaitia nini?"

"Anataka kuwakataa wakiwa wamekaa."

Fundi Kufuli hakujua acheke au alie. "Na wewe? Safari nzima sijapata jibu lako. Sitaki kuambiwa ningoje."

Honi ikalia. Dereva akasema, dada, shuka au twende wote. Sindano aliwatazama wale watu wasiomjua, wote wameacha walichokuwa wakifanya, mmoja na kipande cha mkate mdomoni. Mwaka mzima alikuwa akitafuta siku nzuri na mahali pa faragha.

"Mimi nimekubali tangu mwaka jana," alisema, na sauti ilifika mpaka viti vya nyuma. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi nenda. Na usinipigie usiku, mama ana masikio."

Aliposhuka, mlango ukafungwa, basi likaanza kusogea. Fundi Kufuli alihangaika na dirisha lililokwama, fundi wa kufuli wa timu ya taifa ameshindwa na kitasa cha basi, mpaka akaachana nalo na kubandika kiganja chake kwenye kioo. Kilikuwa bado na vumbi la chaki. Sindano alilitazama basi likipinda kona.

Shangazi alikuwa akinyoosha mikunjo ya nguo yake kwa viganja.

"Mama yako ana hasira?" aliuliza.

"Anayo, shangazi."

"Umemwacha anafanya nini?"

"Anatafuta viti."

Shangazi alimtazama baba mdogo. "Kaka, vua viatu vinavyokubana," alisema. "Tutakaa sana." Kisha akamshika Sindano mkono, wakaingia ndani.